Nani Alilala Ndani ya Mfupa

Muulize mzee wa Mji wa Kale asili yake, na mara nyingi atakujibu kwa jina la mji. Yeye ni Mmvita, au Mkilindini, au Mpaza, au Mmtwapa. Hayo ni majina ya Taifa Kumi na Mbili za Mombasa: Tisa Taifa upande mmoja, Tatu Taifa upande wa pili, na historia ndefu ya kushirikiana na kuvutana juu ya kisiwa ambacho mtu hukizunguka kwa gari kabla chai haijapoa. Kila taifa lina safari yake ya kuja hapa, na safari hizo husimuliwa barazani kwa uhakika ambao mwanahistoria wa chuo kikuu huuonea wivu.

Majina mawili katika orodha ya Tisa Taifa ndiyo yaliyonitoa kisiwani: Mtwapa na Faza (ndiyo Paza ya Wapaza). Miji hiyohiyo imo katika utafiti wa vinasaba uliochapishwa na jarida la Nature mwezi Machi 2023, ukiongozwa na Esther Brielle na David Reich wa Chuo Kikuu cha Harvard pamoja na wanaakiolojia Chapurukha Kusimba, Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher. Watafiti hao walisoma DNA ya watu 80 waliozikwa katika miji sita ya pwani kati ya mwaka 1250 na 1800, na katika mji mmoja wa bara baada ya 1650. Magazeti yalilishika jibu na kulitangaza: mababu kutoka Uajemi, mabibi wa Kiafrika. Watu wakabishana juu ya jibu. Mimi nilivutiwa zaidi na njia iliyopitwa hadi jibu likapatikana, hasa lango moja katika njia hiyo ambalo halikuandikwa magazetini. Ni lango la kumtenga binadamu na bakteria. Katika mfupa wa kale wa pwani yetu, bakteria ndio wengi na mtu ndiye mgeni.

Njia naianzia Ngome ya Yesu kwa sababu za kawaida tu: ndipo wageni wote wanapoanzia, na ndipo nitakaporudi kwa sababu nyingine. Kutoka hapo unashika Ndia Kuu, unaupita mnara mweupe wa Msikiti wa Mandhry unaosemekana kuwa wa mwaka 1570, unaiacha Bandari ya Kale kulia na kuendelea kaskazini kupitia vichochoro ambavyo bodaboda na mikokoteni ya maji vinagombania. Mgeni wa kitalii huishia hapo. Lakini Mombasa ya zamani kuliko zote haiko katika majumba yenye roshani za kuchonga. Iko mbele kidogo, chini ya hospitali. Mwaka 1976 Hamo Sassoon, aliyekuwa mtunzaji wa Ngome ya Yesu, alichimba kwenye viwanja vya Hospitali Kuu ya Pwani na kukuta mabaki ya makazi yanayorudi nyuma hadi kama mwaka 1000. Wagonjwa wanaopanga foleni pale kwa vipimo vya damu wamesimama juu ya mji ambamo Ibn Battuta alilala usiku mmoja mwaka 1331.

Huyo Ibn Battuta hakukaa muda mrefu, ila alikuwa na jicho. Aliona misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na mlangoni mwa kila msikiti kisima kifupi kimoja au viwili vyenye kata ya mti ya kutekea maji. Anayetaka kuingia huosha miguu yake na kuifuta kwenye mkeka mzito uliowekwa pale pale. Tuliweke kando hilo. Tutalihitaji tukifika Boston.

Kisiwa chenyewe hakikutoa mfupa hata mmoja kwa utafiti ule. Sababu si ngumu kuifikiria: mji ulio hai hujengwa juu ya wafu wake, na Mombasa haijawahi kufa. Ushahidi wa watu wake wa kale ni lazima uutafute kwa majirani walioshindwa kuendelea. Kwa hiyo unavuka Daraja la Nyali lililofunguliwa 1980, unaipita Kongowea na kelele za soko lake, Bamburi, Shanzu, unavuka mlango wa bahari wa Mtwapa, na muda si mrefu unakuwa kwenye magofu.

Magofu ya Mtwapa hayana umaarufu wa Gede wala wa Jumba la Mtwana lililo karibu nayo. Ni kuta za mawe ya tumbawe zilizoshikwa na mizizi ya miti, mibuyu mikubwa, popo, na ukimya unaokatizwa na muziki wa vilabu vya mji mpya. Hapa ndipo Kusimba, Mkenya aliyeandika kitabu kuhusu kuinuka na kuanguka kwa miji ya Waswahili, alipochimba kwa miaka mingi. Mji ulikuwa na nyumba za mawe, visima, msikiti mkuu, na makaburi. Ulihamwa katika karne ya 18, na baadhi ya watu wake, kwa mujibu wa masimulizi ya Taifa, ndio Wamtwapa wa kisiwani.

Kuchimba kaburi la Kiislamu si jambo la kuomba kibali cha serikali tu. Kusimba alichukua muda kujenga imani na jamii ya Waswahili kabla ya mfupa wowote kuguswa, na makubaliano yaliyofikiwa yalikuwa haya: kufukua, kuchukua sampuli na kuzika tena vifanyike vyote katika msimu mmoja. Marehemu asilale ghalani akisubiri bajeti ya mwaka ujao. Nalitaja hili kwa sababu makubaliano hayo yana uzito wake baadaye, na kwa sababu mifupa mingi ya Afrika iliyoko kwenye makabati ya makumbusho ya ng'ambo haikupata heshima hiyo.

Sasa tuuangalie mfupa wenyewe. Sehemu inayopendwa na maabara ni ile ngumu kama jiwe iliyo ndani ya fuvu, inayozunguka sikio la ndani. Ni mfupa mzito kuliko mwingine wowote mwilini, na kwa uzito wake huhifadhi vinasaba pale ambapo paja na mbavu zimeshakuwa chaki. Bila ugunduzi huo, uliothibitika katikati ya muongo wa 2010, DNA ya kale ya nchi za joto isingesomeka kwa kiwango tulicho nacho. Joto na unyevu wa pwani ni adui. Mtu anapokufa, vimeng'enya vya mwili wake mwenyewe huanza kuikata DNA yake. Kisha bakteria wa tumboni hutoka nje ya mipaka yao, na baada yao wanakuja bakteria wa udongo, wanaoingia kwenye vitundu vya mfupa, kula, kuzaana na kufa humo, kizazi baada ya kizazi, kwa miaka 500. Ukisaga kipande cha mfupa kama huo na kusoma kila kinasaba kilichomo, si ajabu kukuta kwamba katika vipande 100 ni kimoja tu, au hata pungufu ya hapo, kilichotoka kwa binadamu aliyezikwa. Vilivyobaki ni vya udongo.

Unga wa mfupa ukifika maabara ya DNA ya kale ya Harvard huko Boston, haupokelewi na mtu aliyetoka barabarani. Chumba kina hewa iliyochujwa na inayosukumwa nje ili vumbi lisiingie. Mfanyakazi hubadilisha viatu, huvaa suti nzima, barakoa, glavu mbili, na meza hufutwa kwa dawa ya klorini na kumulikwa kwa mionzi ya urujuanimno. Ibn Battuta angeuelewa utaratibu huo mara moja. Mlangoni unaacha ulichokuja nacho.

Ndani ya chumba hicho DNA hutolewa kwenye unga na kugeuzwa kuwa kile kinachoitwa maktaba: tone la maji ndani ya kichupa kidogo kuliko kidole cha mtoto, lenye mamilioni ya vipande vya DNA, kila kimoja kikiwa kimegandishwa ncha zake kwa vishikizo ambavyo mashine itavitambua. Maktaba haichagui. Kishikizo kinachogandamana na DNA ya bwana wa Mtwapa kinagandamana vilevile na DNA ya bakteria wa udongo wa Mtwapa, na ya bakteria aliyekuja ndani ya chupa ya kemikali kutoka kiwandani. Mwaka 2014 Susannah Salter na wenzake walionyesha kwamba vifaa vya kutolea DNA vinavyouzwa madukani, vikiwa vipya na vimefungwa, tayari vina DNA ya bakteria ndani yake, na kwamba kadiri sampuli inavyokuwa na DNA kidogo ndivyo uchafu huo unavyotawala matokeo. Ndiyo maana kila kundi la sampuli husindikizwa na kichupa kisicho na mfupa wowote, kinachopitishwa katika hatua zote zilezile. Kinachosomeka humo hakikutoka kaburini.

Tatizo hili ni kongwe kuliko DNA ya kale yenyewe. Mwaka 1991 Craig Venter na wenzake huko Marekani walitangaza njia ya mkato: badala ya kusoma jenomu nzima ya binadamu, wasome kwa haraka vipande vya jeni zinazofanya kazi katika seli. Maktaba za vipande hivyo zilikuwa zikiuzwa na makampuni, zimeandikwa kabisa kwamba ni za binadamu, ini au ubongo au damu. Maelfu ya mifuatano ikamiminwa kwenye hifadhi za umma. Kufikia 1993 wasomaji wakali wakaanza kuona mambo. Baadhi ya jeni zilizoitwa za binadamu zilifanana mno na za hamira na za bakteria. Mwandishi mmoja baada ya mwingine akalalamika katika jarida la Science kwamba hifadhi zimechafuka.

Jibu la Owen White na wenzake, katika taasisi ya Venter mwenyewe, lilikuwa la kupendeza kwa wepesi wake. Hawakumtafuta bakteria fulani kwa jina, maana mwaka ule hapakuwa na bakteria hata mmoja ambaye jenomu yake ilikuwa imesomwa yote. Walihesabu herufi. DNA ina herufi nne, kwa hiyo vikundi vya herufi sita sita vinavyowezekana ni 4,096. Kila kiumbe kina mazoea yake: vikundi fulani hujirudia kwake, vingine huviepuka. Kwa binadamu, kwa mfano, herufi C ikifuatwa na G ni jambo adimu, karibu moja ya tano tu ya inavyotarajiwa, kwa sababu jozi hiyo huwekewa alama ya kikemia ambayo kwa muda mrefu huigeuza C kuwa T. Bakteria wengi hawana kawaida hiyo. Basi unahesabu vikundi vya sita sita katika maktaba nzima na kuuliza: anayesema humu ana lafudhi ya mtu au ya nani? Maktaba iliyouzwa kama ya binadamu, lafudhi yake ikikataa, inarudishwa.

Mkazi wa Mombasa anajua kazi hiyo. Humsikii mtu wa Lamu akitaja kwao. Unamsikia akiagiza kahawa.

Yaliyofuata nitayapita haraka, ingawa kila moja lina aibu yake. Februari 2001 jopo la kimataifa lilipotoa rasimu ya jenomu ya binadamu, lilisema huenda jeni 223 zilitujia moja kwa moja kutoka kwa bakteria. Miezi michache baadaye kundi la Steven Salzberg likapitia hesabu upya, likalinganisha na viumbe wengi zaidi, na idadi ikashuka hadi kama 40, na hata hizo zikawa na maelezo mengine. Mwaka 2011 watafiti walipekua hifadhi 2,749 za jenomu za viumbe wasio nyani wala binadamu, wakakuta 492 zina DNA ya binadamu ndani yake. Uchafu ulikuwa umeenda upande wa pili: fundi wa maabara ameingia kwenye samaki. Mwaka 2014 Derrick Wood na Salzberg walitoa programu ya Kraken, ambayo hukikata kila kipande kilichosomwa katika vijipande vya herufi 31 na kuvitafuta kwa kasi kubwa katika orodha ya viumbe waliosomwa. Kazi ya siku ikawa ya dakika. Lakini orodha yenyewe je? Mwaka 2019 ikabainika kwamba jenomu 2,250 za bakteria katika hifadhi za umma zilikuwa na vipande vya binadamu, vilivyozaa maelfu ya protini za bakteria ambazo hazikuwahi kuwepo duniani. Mpelelezi alikuwa akitumia daftari lililoandikwa na mtuhumiwa.

Kwa mfupa wa Mtwapa, njia hizi zote hazitoshi, kwa kuwa DNA ya kale ni fupi. Miaka imeivunja hadi herufi 40 au 50, mara nyingine 30. Na hapo hesabu ina ukali wake. Kipande cha herufi 15 kina mipangilio inayowezekana zaidi kidogo ya bilioni moja, wakati jenomu ya binadamu ina herufi kama bilioni tatu. Kwa hiyo karibu kipande chochote cha urefu huo, kiwe cha bakteria, cha mbuyu au cha mnazi, kitapata mahali pa kukaa ndani ya binadamu kwa bahati tu, na kompyuta itakisajili kama mwenyeji. Ndiyo sababu chujio la kwanza ni urefu: maabara hutupa vipande vyote vilivyo chini ya herufi 30 au 35 bila kuvihoji. Wengine humo ni watu kweli. Wanapotea.

Chujio la pili ni chambo. Vipande vya DNA ya binadamu vilivyotengenezwa maabara huingizwa katika maktaba, vikiwa vimelenga sehemu kama milioni 1.2 za jenomu ambapo watu hutofautiana. DNA ya binadamu inanasa kwenye chambo na ya bakteria inamwagwa. Ni njia hii iliyofanya nchi za joto zisomeke kwa gharama inayovumilika.

Chujio la tatu hutambua umri. DNA inapozeeka, herufi C zilizo karibu na ncha za kipande hupoteza kundi moja la kikemia na kuwa urasili, na mashine huzisoma kama T. Mtaalamu akiona T nyingi kupita kiasi mwanzoni mwa vipande, anajua DNA hii ni ya kale na haikutoka kwenye jasho la mchimbaji. Lakini chujio hili lina udhaifu ambao wachache huutaja: bakteria aliyekufa pamoja na marehemu naye amezeeka vilevile, na makovu yake ni hayohayo. Makovu yanatenga wa leo na wa jana. Hayamtengi mtu na mdudu.

Baada ya kupita malango yote hayo ndipo yakapatikana maneno yaliyofika magazetini. Wengi wa watu waliosomwa wa pwani walikuwa na asili mbili. Nusu au zaidi ya vinasaba vyao mara nyingi ilikuwa ya Kiafrika, iliyotoka zaidi kwa wanawake. Sehemu kubwa iliyobaki ilitoka Asia, na kati yake asilimia 80 hadi 90 ilitokana na wanaume wa Kiajemi, pamoja na mchango wa Kihindi. Kuchanganyika kulianza kama mwaka 1000. Baada ya mwaka 1500 hivi, asili ya Kiarabu ikazidi. Masimulizi ya Washirazi kwamba asili yao ni Uajemi, ambayo kizazi kizima cha wasomi kiliyachukua kama majigambo ya watu wanaokana Uafrika wao, yalikuwa na mwili na damu. Na wale waliosema ustaarabu huu ni wa Kiafrika walikuwa sahihi pia. Lugha hii tunayosomea haikutoka Shiraz. Ila ikumbukwe kwamba wengi wa waliosomwa walizikwa penye makaburi ya watu wa hadhi. Wavuvi, wakulima na watumwa wa Mtwapa hawakuulizwa.

Na hapa kuna kejeli ambayo sikuweza kuipita. Ushahidi wa mabibi wa Kiafrika umo ndani ya mitokondria, vile viwanda vidogo vya nishati ambavyo kila mtu hurithi kwa mama yake peke yake. Mitokondria zenyewe ni uzao wa bakteria aliyeingia ndani ya seli nyingine zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita na kukataa kutoka. Tumewafukuza bakteria kwenye maktaba kwa klorini, mionzi na hesabu, kisha shahidi wetu bora juu ya bibi wa Mtwapa anatokea kuwa wa ukoo huohuo.

Ningesimama hapo kama usafi ungekuwa jambo jema tu. Lakini kila chujio hutupa, na anayetupwa si lazima awe mgeni. Oktoba 2015 jenomu ya kwanza ya kale kutoka Afrika ilichapishwa, ya mtu wa miaka 4,500 kutoka pango la Mota, Ethiopia. Waandishi wakadai kwamba damu ya Eurasia ilikuwa imeenea hadi Afrika Magharibi na misitu ya Kongo. Miezi mitatu baadaye wakaliondoa dai hilo wenyewe: programu mbili hazikuelewana, na baadhi ya sehemu ambazo Mota alifanana na jenomu ya marejeo ziliachwa nje ya hesabu. Mwafrika wa kale akaonekana mgeni zaidi kuliko alivyokuwa, na Waafrika wa leo wakaonekana kuwa na Uzungu usiokuwepo. Walilikubali kosa hadharani, na nawaheshimu kwa hilo.

Jenomu hiyo ya marejeo, ambayo dunia nzima hutumia kuamua nini ni binadamu, kiasi cha asilimia 70 yake ilitoka kwa mtu mmoja aliyejitolea huko Buffalo, New York. Mwaka 2018 Rachel Sherman, Salzberg na wenzao walichukua maktaba za watu 910 wenye asili ya Afrika na kufanya kinyume cha desturi. Walikusanya vile vipande vilivyokataa kukaa juu ya jenomu ya marejeo, ambavyo kwa kawaida huitwa taka, wakaviunga. Hatua ya lazima ilikuwa kuwaondoa bakteria na uchafu mwingine. Zilizobaki baada ya hapo zilikuwa herufi milioni 296.5 za DNA ya binadamu, karibu asilimia 10 ya jenomu, ambazo hazikuwa na kiti katika ramani rasmi ya binadamu. Jalalani walikuwa wamelala pamoja, bakteria na Mwafrika.

Turudi Ngome ya Yesu, kama nilivyosema. Machi 1696 majeshi ya Imamu Saif bin Sultan wa Oman yaliizingira. Ndani walikuwamo askari wa Kireno kati ya 50 na 70 na mamia kadhaa ya watu wa pwani waliokuwa upande wao. Desemba mwaka huo meli za msaada zikafika, na miezi iliyofuata maradhi yakafanya kile ambacho mizinga ya Oman haikukiweza. Kufikia Juni 1697 Wareno wa kikosi kile walikuwa wamekufa wote, na ngome ikalindwa na Sheikh Daud wa Faza, jamaa zake 17, wanaume wanane Waafrika na wanawake 50. Msaada mwingine ukaja, ukafa nao. Alfajiri ya tarehe 13 Desemba 1698 Waomani walipoingia, waliobaki walikuwa kapteni, watu tisa na kasisi mmoja.

Vitabu huyaita maradhi hayo tauni, kwa mazoea ya kuita kila kifo cha wengi tauni. Ugonjwa gani hasa ulioamua nani ataitawala Mombasa ni swali la bakteria, au la kirusi, na ni swali ambalo maktaba za DNA zimeshajibu kwingine. Mwaka 2011 jenomu ya bakteria wa tauni ilitolewa kwenye meno ya watu waliozikwa London mwaka 1348 hadi 1350. Mwaka 2015 maktaba zilizotengenezwa ili kujua asili za watu 101 wa Ulaya na Asia wa Zama za Shaba zilipekuliwa upya, na saba zikakutwa na bakteria yuleyule. Aliyekuwa uchafu katika swali la kwanza akawa jibu la swali la pili. Mwaka 2018 makaburi ya Teposcolula-Yucundaa, Mexico, yakatoa aina ya salmonela katika meno ya watu waliokufa kwenye mlipuko wa 1545 hadi 1550, ambao chanzo chake kilikuwa kitendawili kwa karne nne na nusu. Ili kuwa na uhakika, watafiti walisoma pia udongo wa makaburi na meno ya watu waliokufa kabla ya Wahispania kufika, wasije wakamsingizia bakteria wa udongo mauaji ya halaiki.

Faza alikotoka Sheikh Daud ni miongoni mwa miji ambayo mifupa yake imo katika utafiti wa 2023. Maktaba zao zipo, na maktaba hukaa kwenye barafu miaka mingi. Huweza kusomwa tena bila kufukua chochote. Lakini desturi ya maabara nyingi ni kuweka hadharani vipande vilivyolingana na jenomu ya binadamu peke yake, na vingine havifiki kwenye hifadhi ya umma. Naiona desturi hiyo kuwa mbaya, hasa kwa pwani hii ambayo makaburi yalifunguliwa kwa sharti la kufungwa msimu uleule. Vikihifadhiwa vyote, mtafiti wa kesho hatahitaji jembe. Na uwezo huo hauko Boston tu: mwaka 2020, kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI na Wellcome huko Kilifi, si mbali na Mtwapa, kilianza kusoma jenomu za virusi vya korona kutoka kaunti za pwani.

Kitakachohitajika ni kikao kingine. Ruhusa iliyoombwa na Kusimba ilikuwa ya kuuliza watu hawa walitoka wapi. Kuuliza walikufa na nini ni habari tofauti, na wenye kuijibu kwanza, kabla ya mashine yoyote kuwashwa, ni Wamtwapa na Wapaza wanaoketi barazani katika mitaa ya Kibokoni na Kuze kila baada ya alasiri.